Nambari Yangu ni Arobaini na Moja

Mbotela, Nairobi
14 Januari 1979

Ndugu yangu Nzuki,

Pokea salamu za mtu ambaye bado anafunga kamba za viatu vyake mwenyewe. Mimi mzima. Magoti tu ndiyo yananisumbua asubuhi, lakini yakishapata joto nawapita vijana wa hapa Mbotela kwa kutembea, waulize. Mke wangu Mbeti yuko nyumbani Mwala kwa shamba. Ametuma kunde na maharagwe, anasema mvua mwaka huu inakuja kama mgeni wa kuchungulia, haiketi. Anamsalimu sana mke wako Mukai. Na Kavutha, msichana wetu, amemaliza ile shule ya uuguzi ama bado? Mwambie baba mkubwa ameuliza.

Hii barua nimeandika na mkono wangu. Nilianza jana, nikachoka, leo Jumapili nimeendelea. Wewe usicheke herufi. Barua zako wewe ndizo zinanishinda, unaandika vidogo vidogo kama siafu wanahama, na macho yangu si ya zamani. Nasomewa na Fadumo, yule mama mjane anauza vitambaa nyumba ya pili kutoka kwangu. Ni mtu wa heshima, maneno hayatoki kwake. Lakini Kikamba hajui hata kidogo, kwa hivyo andika Kiswahili.

Sasa sikia. Watu wa kodi ya mapato wamenishika. Barua yao ya kwanza ilikuja mwaka juzi, nikaweka chini ya godoro. Ya pili nikaiweka hapo hapo pamoja na mwenzake. Ya tatu ililetwa na mtu, amevaa tai. Nikaenda kwa ofisi yao. Karani akanitazama, akatazama karatasi, akasema, "Mzee, kumbe wewe ndiye mchongaji tajiri kuliko wote Nairobi." Nzuki, sitakuficha, nilifurahi. Nikamwambia ndiyo, ni mimi. Akaandika.

Nilipoelewa ilikuwa nimechelewa. Wamepata vitabu vya ushirika wetu. Wewe unajua desturi: kila kitu kinaingia ushirika na nambari ya mwenyewe imechorwa chini, na pesa inatoka kwa hiyo nambari. Vitabu vinasema nambari arobaini na moja imeleta vitu kupita watu wanne wengine wakiwekwa pamoja. Miaka minne yote, tangu sabini na nne. Na arobaini na moja ni mimi.

Lakini wewe unajua nambari yangu ilikuwa inalala kwa nyumba ngapi. Niliwapa watu watano, wale ushirika ulikataa kuwaandika kwa sababu hawana hisa. Pesa ilipita kwa mkono wangu kama maji, ikaenda kwa wenyewe. Risiti hakuna. Nani anamwandikia ndugu yake risiti?

Nilipinga mbele ya kamati yao, ikanishinda. Sasa tunaenda korti kubwa. Wakili wangu anaitwa Kinyanjui, bado kijana, lakini anasikiliza. Anasema tupate mtu mmoja tu asimame aseme, hizi zilikuwa zangu mimi, jaji ataamini mengine. Tukikosa, wanachukua ploti yangu ya Njiru. Wewe unajua hiyo ploti. Mawe manne ya mpaka nimeyapaka chokaa mimi mwenyewe. Mbeti nimemwambia miaka sita atakuja kukaa kwa nyumba ya mawe yenye baraza, si hiki chumba kimoja cha kupanga cha kanju ya jiji.

Wale wawili wa Kangundo wamekufa. Mulama alirudi kwao Kakamega, barua yangu hakujibu. Maingi amekuwa kiziwi, alianza siku ile ile nilimuuliza. Umebaki wewe.

Kwa hivyo uje.

Ni mimi kaka yako Nyamai wa Mulwa, mchongaji wa vifaru, ambaye kifaru yake ilipigwa picha na gazeti.


Magongo, Mombasa
3 Machi 1979

Kaka yangu mkubwa Nyamai,

Salamu zako zilitufikia zikiwa zimechoka njiani kama sisi tulivyochoka na joto la huku. Naomba unisamehe kwa kuchelewa. Sanduku la posta ninalotumia ni la mwenye duka, naye hukumbuka kulifungua anapotaka.

Huku tuko, tunasukuma siku. Kavutha amemaliza masomo yake na amepelekwa hospitali ya Voi. Anakusalimu, anasema hajasahau ulivyombeba mabegani mpaka uwanjani kutazama gwaride. Mukai hajambo sana. Miguu inamvimba, nasi bado hatujaambiwa ni nini. Kazi ipo kidogo kidogo. Nina kibanda changu kando ya barabara, nachonga na kuuza hapo hapo, watalii wanapunguza bei mpaka mtu anatamani kuwapa bure waondoke. Gogo la mpingo limekuwa adimu, na muhugu nao umepanda bei.

Nakutumia ng'onda kidogo, samaki wakavu wa huku, kwa mkono wa dereva mmoja wa lori, mtu wa kwetu. Ziloweke usiku mmoja kabla ya kupika, la sivyo zitakutoa meno.

Je, ule mpapai nyuma ya nyumba bado unazaa?

Habari ya kodi nimeisikia. Pole sana kaka.

Ndimi mdogo wako,
Nzuki


Mbotela
20 Machi 1979

Nzuki,

Ng'onda nimepata. Salamu nimepata. Nimefurahi kwa ajili ya Kavutha, na Mukai apelekwe kwa daktari mkubwa, si hao wa kupima ulimi.

Fadumo alisoma barua yako yote. Alipofika mwisho nikamwambia, pindua, soma nyuma. Akapindua. Nyuma hakuna kitu. Nikamwambia, angalia ndani ya bahasha. Akaipuliza, akaangalia. Akaniambia, "Mzee, ndugu yako amekwisha."

Mimi nimekuuliza korti, wewe unanijibu mpapai. Mpapai ulikatwa na watu wa kanju wakipitisha bomba. Haya, umejua.

Nimechoka, Nzuki. Nisikufiche. Nimeenda kwa korti mara tatu tangu nikuandikie. Kila mara natoka hapa na miguu kupita Jogoo Road yote mpaka mjini, kwa sababu basi ni pesa na wakili ni pesa. Nafika, naketi kwa benchi, saa sita wanasema faili haijapatikana, rudi siku fulani. Narudi na miguu. Benchi yao ni ya mbao mbaya, seremala aliyeunganisha angekuwa mwanafunzi wangu ningempiga. Mtu wa umri wangu, ambaye amechongea mabalozi.

Jumamosi Kinyanjui alikuja mpaka hapa nyumbani. Tulitoa vitu vilivyobaki chini ya kitanda, vile ushirika ulirudisha kwa sababu ya ufa. Ni vitu sita, kila mkono mmoja. Tukavipanga mezani. Kifaru yangu. Swara ya Maingi. Kiboko ya Mulama, mbaya vile vile ya zamani. Na twiga yako. Kinyanjui ni mtu wa vitabu, hajawahi kushika tezo, lakini aliangalia tu akasema, "Mzee, hata kipofu ataona hii si mikono ya mtu mmoja." Akachukua twiga yako akauliza, kwa nini sikio moja linaenda mbele na lingine linarudi nyuma? Nikamwambia huyo ndiye ndugu yangu, twiga zake zote ziko hivyo, kama mtu ameitwa na hataki kugeuka.

Tangu mwanzo nilikuambia, mzungu anataka masikio sawasawa. Ukakataa. Zikawa zinanunuliwa kwanza kabla ya kifaru. Hiyo ni kwa sababu kifaru ni kitu ya watu wachache wanaoelewa.

Sasa unajua kile ninachotaka. Sitaki ng'onda. Nataka wewe, na viatu safi, mbele ya jaji.

Nyamai wa Mulwa


Magongo
30 Aprili 1979

Kaka Nyamai,

Pokea salamu, na umpe Mama Fadumo zake, kwa kuwa najua yeye ndiye anayekusomea na sauti hii unayoisikia ni yake.

Mukai amelazwa tangu Jumatano. Ni figo. Kavutha amepewa ruhusa amekuja kumwuguza, na mimi nashinda nje ya wodi na kipande cha muhugu mkononi, maana wauguzi wamenikataza kuketi ndani bure.

Barua hii nimeianza mara nne. Mara tatu nimeandika habari za mvua.

Kaka, niliogopa. Sina neno jingine. Ulipotaja watu wa kodi, jambo la kwanza nililofikiria si ploti yako, ni nyumba yangu ya Mwala. Wewe unajua niliijenga kwa twiga. Hakuna tofali pale ambalo si twiga. Sijalipa kodi ya mapato hata siku moja maishani mwangu, na nilifikiri, nikisimama pale na kusema hizi zilikuwa zangu, wataniuliza, na wewe ulilipa wapi? Mukai akitoka hospitali, Mwala ndipo pa kurudi. Hapa Magongo si kwetu.

Lakini nimekumbuka siku ile ushirika waliponirudishia twiga wangu wawili mlangoni, kwa kuwa sikuwa na hisa. Nilirudi kwako nikaketi kitandani kwako nikiwa nataka kurudi Mwala kulima. Hukuniambia pole. Ulichukua patasi, ukawageuza miguu juu, ukachora 41 chini ya mmoja, kisha chini ya wa pili, ukasema, "Sasa ni ya Nyamai. Tuone nani ataigusa." Miaka yote hiyo sijakushukuru. Nilikuwa nikija, nachukua pesa, nahesabu mbele yako, naondoka. Nilihesabu mbele yako, kaka.

Nitakuja. Niandikie tarehe. Nitasimama mbele ya jaji na kusema twiga wote ni wangu. Nyumba wakiichukua, Mukai atanielewa, au hatanielewa.

Mdogo wako,
Nzuki


Mbotela
10 Mei 1979

Ndugu yangu Nzuki,

Salamu nyingi kwako, na kwa Mukai salamu mbili. Mwambie ale uji wa wimbi hata kama daktari hajasema. Mbeti alisumbuliwa na figo mwaka wa sitini na saba na leo anabeba debe la maji kupanda kilima.

Barua yako ilifika, lakini kulitokea bahati mbaya. Chai ilimwagika. Fadumo amesoma mpaka pale Mukai amelazwa, kwenda mbele karatasi yote ni matope. Kwa hivyo mimi sijui uliandika nini, na wala usirudie kuandika. Kilichobaki ni pale mwisho umeuliza tarehe. Hapo hapakuloa.

Hapa hakuna jambo kubwa. Kinyanjui alinieleza kitu jana, nakuambia tu kwa sababu ni maarifa. Mtu akisema korti kitu fulani ni changu, kodi ya hicho kitu inamfuata mpaka kwake, pamoja na adhabu ya miaka yote alinyamaza. Haiulizi kama mke ni mgonjwa. Nilimuuliza mara mbili nikahakikisha.

Mbeti anaandika kwamba alipita nyumbani kwenu Mwala. Amefagia majani mbele ya mlango. Anasema ile nyumba ndiyo ya kwanza mtu anaona akitoka barabarani. Ni nyumba nzuri. Lakini usisahau ule mlango niliuchagua mimi, wewe ulitaka wa mabati.

Nilienda Njiru Jumapili. Kule bado ni nyasi na upepo tu, na mbwa wa watu. Niliketi juu ya jiwe moja la mpaka kupumzisha magoti. Nimefikiri sana, kisha nikarudi.

Haya. Korti ni tarehe ishirini na mbili mwezi wa sita, siku ya Ijumaa. Panda treni ufike Alhamisi. Usije mapema kuliko hapo, Mbeti atakuwa amekuja na hapa hakuna pa kulala watu watatu. Ishirini na mbili. Ishike.

Kaka yako Nyamai wa Mulwa, ambaye mabalozi watatu wanamjua kwa jina


Mbotela
13 Juni 1979

Nzuki,

Kama hujapanda treni usipande. Korti imekwisha. Ilikuwa jana, tarehe kumi na mbili. Hiyo ishirini na mbili niliyokuandikia ilikuwa makosa. Ni macho. Karatasi za korti zimeandikwa vidogo.

Sina nguvu ya kuandika mengi lakini utasikia kwa watu wengine wakaharibu, afadhali usikie kwangu.

Niliitwa saa nane baada ya kukaa tangu saa mbili. Nilikuwa na ile koti ya harusi yangu. Waliniwekea mkalimani, kijana wa juzi, nasema Kiswahili yeye anakipunguza kwa Kizungu. Nikasema "mimi ni mchongaji mashuhuri," akasema neno moja tu. Nikamwambia, rudia, hujamaliza.

Nikaapishwa na Biblia. Kinyanjui akasimama. Akatoa vile vitu sita kwa gunia, akavipanga mbele ya jaji, na chini ya kila kimoja imeandikwa 41. Wakili wa serikali alikuwa anapekua karatasi, akaacha. Nzuki, vilipendeza. Vilikuwa vimepakwa rangi ya kiatu vinang'aa, hata kiboko ya Mulama.

Kinyanjui alianza na kifaru. "Mzee, hii ni kazi yako?"

Nikasema, "Hiyo haiulizwi. Ni yangu."

Akachukua swara. "Na hii?"

"Yangu."

Akanitazama. Tulikuwa tumezungumza, yeye na mimi, wiki mbili, vile nitajibu. Akashika twiga yako, akaiinua juu ili jaji aone masikio. Akaniuliza polepole kama mtu anamwita ng'ombe arudi, "Mzee Nyamai. Nimekuomba uangalie vizuri. Hii twiga ni mkono wako?"

Niliangalia vizuri.

Nikasema, "Ni yangu."

"Masikio haya?"

"Masikio pia ni yangu."

Kinyanjui akaketi chini. Jaji akavua miwani, akasukuma mkalimani kando, akaniuliza mwenyewe kwa Kiswahili, "Mzee, unaelewa unachosema? Vitu vyote hivi, miaka minne, ulichonga wewe peke yako na mikono miwili?"

Nikamwambia, "Bwana jaji, kwani umeona mikono mingine hapa?"

Watu wakacheka. Jaji hakucheka. Aliandika muda mrefu.

Kwa hivyo imekwisha, na imekwenda kwa serikali. Kinyanjui alinisindikiza mpaka ngazi, akanipa nauli ya basi na mimi nikapanda. Ile kiapo ni maneno yangu na Mungu. Yeye amenijua miaka yote kwamba mimi hutia chumvi.

Sasa wewe kaa na mgonjwa wako.

Nyamai


Magongo
2 Julai 1979

Kaka,

Mukai ametoka hospitali tangu jana. Anatembea mpaka mlangoni na kurudi. Kavutha amerudi kazini Voi. Hizo ndizo habari njema, nimezitanguliza zisije zikasahaulika.

Barua yako ya tarehe kumi na tatu niliikuta hapa niliporudi kutoka kwako. Mwenye duka hakuwa amefungua sanduku.

Nataka kusema jinsi ilivyokuwa, kwa maana tulikaa siku mbili mimi nawe na hatukusema. Nilifika Alhamisi alasiri na viatu safi kama ulivyotaka. Mlangoni nikakuta umeketi unapiga msasa kifaru. Hukushtuka. Ulisema, "Umefika. Chakula kipo." Mbeti uliyesema atakuwa amekuja hakuwepo. Niliuliza, kesho tunatoka saa ngapi kwenda kortini? Ukasema, "Imeahirishwa, kula." Tukala ugali. Tukazungumza mvua. Ukanionyesha kifaru huyo kutoka kila upande, ukaniuliza kama nimewahi kuona pembe kama hiyo. Nikasema sijawahi.

Asubuhi ulipokwenda msalani nikaona ile karatasi ya kortini imening'inizwa ukutani kwa msumari, chini ya kalenda. Imeandikwa kumi na mbili, kaka. Kwa tarakimu kubwa kuliko zako.

Nikatoka nje. Mama Fadumo alikuwa anaanika vitambaa. Nikamsalimu, nikamwambia mimi ndiye Nzuki, mwenye barua iliyomwagikiwa chai. Akasimama na kitambaa mkononi. Akasema, "Haikumwagika chai yoyote, baba. Niliisoma yote. Kisha akaniambia nisome mara ya pili. Kisha akasema, hii haikusomwa, umesikia Fadumo? Nikasema nimesikia."

Sikukuambia kwamba alinieleza. Usimlaumu, nilimsimamia pale mpaka akasema.

Nakuuliza sasa kwa barua kwa kuwa uso kwa uso ulinishinda. Kwa nini uliandika ishirini na mbili? Kinyanjui, niliyempitia ofisini kabla ya kupanda treni, anasema bado kuna siku za kukata rufani. Niambie neno moja tu, niende kwenye ofisi ya kodi hapa Mombasa, nijipeleke mwenyewe.

Nilikuachia twiga mezani, nyuma ya redio. Nilimchonga nje ya wodi. Chini yake nimechora 41, kwa kuwa sikujua nichore nini kingine.

Nzuki


Mbotela
19 Agosti 1979

Ndugu yangu Nzuki,

Nimepata barua yako zamani. Nimekawia kwa sababu mkono ulikuwa mzito. Nashukuru Mukai anatembea. Mbeti amekuja kweli safari hii, yuko hapa, anapepeta maharagwe karibu na mguu wangu na anauliza kama nimeandika salamu zake. Nimeandika.

Ploti ya Njiru imekwenda. Ilipigwa mnada mwezi jana, ikanunuliwa na mtu mmoja anaitwa Zedekiah, dereva wa malori, ana watoto wengi. Nilienda siku ile anakuja kuiona. Hakuna mtu aliniita, nilienda tu. Alipata mawe matatu, la nne likamshinda, anazunguka kwa nyasi na kijiti. Nikamwonyesha. Lilikuwa limefunikwa, peke yake hangeliona. Akaniuliza, mzee, wewe ulijuaje? Nikamwambia mimi najua vitu vingi vya Nairobi hii.

Mbeti nimemwambia yote jana. Alipepeta maharagwe mpaka chai ikapoa. Halafu akasema ile baraza ya Njiru ingekuwa na upepo mwingi hata hivyo. Huyo ndiye mke wangu.

Ushirika wamefuta nambari yangu. Walisema nilivunja sheria ya chama, ama nilichonga vingi kupita kiasi, hawakujua waandike lipi. Sasa naketi nje ya nyumba, nachonga kifaru moja kwa wiki, nauza kwa mtu anayepita. Jioni nachoka mapema. Ni uchovu wa kawaida, wala usiutafutie jina.

Sasa ile umeniuliza. Ni macho. Nimekujibu mara mbili, usiniulize mara ya tatu. Na huyo Fadumo ni mama mzuri lakini anaongeza maneno. Nimemwambia hivyo usoni, amecheka, amekataa kuniuzia uzi kwa bei ya jirani.

Rufani hakuna. Na usiende ofisi ya mtu yeyote. Jaji ameandika kwamba mimi Nyamai wa Mulwa nimechonga vitu vyote vile peke yangu. Imeandikwa kwa karatasi ya serikali, na mhuri iko. Hakuna mchongaji mwingine Kenya ana karatasi kama hiyo. Wewe sasa unataka kwenda kumfanya jaji mwongo? Kaa na mke wako kwa nyumba yako. Rudini Mwala Desemba, mvua ikishika, Mbeti amewawekea mbegu.

Imebaki jambo moja. Ile twiga uliacha nyuma ya redio, nimeipindua nikaona 41. Hiyo nambari haiko tena, na hata ingekuwako. Nimeikwangua na kisu mpaka mbao ikawa safi. Kisha nikamwomba Fadumo, maana herufi zangu mimi ni za kuchekwa, aniandikie jina lako kwa karatasi, kubwa, nikafuata herufi na patasi ndogo. Nilitumia siku mbili. Hapo kwa zedi patasi iliteleza kidogo lakini inasomeka.

Masikio sikugusa.

Nimeiweka kwa dirisha, inaangalia nje. Watu wakipita wanasimama wanauliza, mzee, hii ni kazi yako? Nawaambia kifaru ndiyo yangu. Hiyo ingine, ipindueni msome.

Nyamai